Kabla hujakunja mkono wa shati

Bega linalouma kwa miezi baada ya chanjo, chanzo chake kinaweza kuwa nguo. Mtu amekuja na shati la mikono mirefu inayobana, haikunjiki hadi juu, basi anaivuta shingo ya shati pembeni ili kipande cha bega kitokeze. Mchanjaji anachokiona ni ncha ya bega peke yake, na foleni ni ndefu. Anachoma pale panapoonekana, na pale si mahali pake.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalomwambia mtu anayekwenda kuchanjwa dhidi ya UVIKO-19, yaani korona, ni la mavazi, hata kabla ya homa na kadi. Vaa fulana ya mikono mifupi, au nguo inayovuliwa upande mmoja bila taabu. Bega lote lionekane, kuanzia mfupa wa juu hadi katikati ya mkono. Anayevaa nguo za kujisitiri aombe pazia au chumba cha faragha. Ni haki yake, na kituo kilichopangwa vizuri huwa nacho. Shingo ya nguo isivutwe.

Mahali penyewe hata wewe unaweza kupapima. Papasa bega kwa juu hadi ukutane na ukingo mgumu wa mfupa mwishoni. Kutoka hapo shuka upana wa vidole 2 hadi 3. Msuli wa deltoidi, ule unaofunika bega, ni mnene zaidi hapo, na chini usivuke usawa wa kwapa. Sindano ikiingia juu mno, dawa huishia kwenye kifuko cha majimaji kinachosaidia kiungo cha bega kuteleza. Kifuko hicho kikivimba, maumivu huanza ndani ya saa 48, mkono unagoma kunyanyuka hata kuchana nywele, na hali hiyo inaweza kuchukua wiki au miezi. Maumivu ya kawaida ya chanjo hayako hivyo: huwa kwenye nyama ya msuli, yanauma ukipagusa, na kufikia siku ya tatu yanapungua. Bega likikazana kuuma baada ya wiki nzima, na kiungo kikawa kigumu, nenda ukaonwe, ueleze kwamba lilianza baada ya sindano. Ukikaa kimya bila kulichezesha linazidi kukakamaa.

Ikiingia chini mno, au nyuma mno, hatari ni ya mishipa ya fahamu. Dalili yake haijifichi: unahisi shoti kali inayoshuka hadi kwenye kiganja. Sema papo hapo sindano itolewe. Usivumilie kwa heshima.

Mkao nao una kazi. Wewe ukae, na mchanjaji naye akae. Mchanjaji aliyesimama juu ya mtu aliyeketi hujikuta analenga juu na kuinamisha sindano, ilhali inatakiwa iingie wima, nyuzi 90 na ngozi. Mkono uulaze mapajani, ulegee. Ukikunja ngumi msuli unakuwa mgumu na maumivu yanaongezeka. Watu wazima wengi wanatosha sindano ya urefu wa milimita 25. Mwenye mkono mnene anahitaji ndefu zaidi, hadi milimita 38, ili dawa ifike kwenye msuli na isiishie kwenye mafuta. Mwenye mwili mdogo sana anahitaji fupi. Huna haja ya kukagua vipimo hivi, lakini kama mkono wako ni mnene, si aibu kuuliza kama wana sindano ndefu.

Upande upi? Kwa wengi ni mkono wasioutumia kuandikia. Kuna watu wanaopaswa kusema kabla: aliyeondolewa titi au tezi za kwapani upande mmoja achanjwe upande wa pili. Kama ni pande zote mbili, paja la nje, katikati, linafaa vilevile. Mwenye kumeza dawa za kuzuia damu kuganda anachanjwa bila kuziacha, ila sindano iwe nyembamba na pakandamizwe kwa pamba kavu dakika 2 au zaidi bila kusugua. Kusugua kunaleta vilio la damu chini ya ngozi.

Nije kwenye kichupa, maana nusu ya ubora wa chanjo imeshaamuliwa kabla hujafika kwenye kiti.

Chanjo za UVIKO-19 zilitofautiana sana katika utunzaji, na makosa yake yalitofautiana pia. Ile ya Pfizer na BioNTech ndiyo ya kwanza kupata idhini ya dharura ya Shirika la Afya Duniani, tarehe 31 Desemba 2020. Toleo lake la mwanzo, lenye kifuniko cha zambarau, lilihifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 60 na 90 chini ya sifuri. Likishayeyushwa lilikaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, mwanzoni siku 5, kisha vipimo vilipoonyesha linavumilia, muda ukaongezwa hadi mwezi 1. Ndani ya kichupa mlikuwa na mililita 0.45 tu za dawa nzito. Mchanjaji aliongeza mililita 1.8 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9, akakipindua kichupa taratibu mara 10, ndipo akavuta dozi za mililita 0.3. Kukitikisa kwa nguvu ni marufuku, kwa sababu dawa imefungwa ndani ya chembe ndogo mno za mafuta, na chembe hizo zinaharibika kwa msukosuko.

Makosa yalizaliwa hapo. Mtu akisahau kuzimua, mililita 0.3 zinabeba mara 5 ya kipimo. Akizimua mara mbili, dozi inakuwa nyepesi. Akichukua kichupa cha maji ya chumvi akidhani ni cha dawa, mtu anaondoka na maji mwilini na kadi mkononi. Dawa yake si ngumu: kila kichupa kilichozimuliwa kiandikwe tarehe na saa palepale, na aliyezimua asiwe na kazi nyingine mezani. Baada ya kuzimuliwa kilikuwa na saa 6. Zikipita, kinatupwa hata kikiwa na dozi 3.

Kuhusu hesabu ya dozi kulikuwa na malalamiko mengi mwanzoni. Kituo kimoja kinapata 6, kingine kinapata 5 kutoka kichupa kilekile, na watu wakadhani dawa inaibwa. Sababu ni bomba. Bomba la kawaida hubakiza dawa kwenye shingo yake kila linaposukumwa. Bomba lenye shingo fupi hubakiza kidogo sana. Jumla ya mililita 2.25 inatosha dozi 6 ukiwa na bomba la pili, na ukiwa na la kwanza dozi ya sita inapungua. Iliyopungua haitolewi, wala haruhusiwi mtu kukusanya mabaki ya vichupa viwili kutengeneza dozi moja. Hilo nalisisitiza kwa sababu kishawishi chake ni kikubwa pale watu wanaposubiri na chanjo ni chache.

Moderna haikuhitaji kuzimuliwa: mililita 0.5 kwa dozi za mwanzo, nusu yake kwa dozi ya nyongeza, friza ya kati ya nyuzi 15 na 25 chini ya sifuri. AstraZeneca na Janssen ziliishi kwenye jokofu la kawaida la chanjo, na hizo kosa lake lilikuwa la upande wa pili, yaani kuganda. Sinopharm na Sinovac vilevile hazitakiwi kuganda kabisa: zina chumvi ya alumini inayosaidia kuamsha kinga, na ikiganda inajikusanya mabonge, chanjo inapoteza nguvu. Kichupa kilichokaa kinagusa ukuta wa nyuma wa jokofu, au kilicholala moja kwa moja juu ya barafu kwenye kasha la kubebea, ni kichupa cha kutiliwa shaka.

Unachoweza kuona ukiwa kwenye kiti ni hiki: bomba linafunguliwa kwenye pakiti yake mbele yako, dawa inavutwa, hewa inatolewa, sindano inaingia, pistoni ya bomba inasukumwa hadi mwisho, kisha kila kitu kinatumbukizwa kwenye boksi la usalama bila kurudishiwa kifuniko. Sekunde chache. Omba uonyeshwe jina kwenye kichupa. Mchanjaji mzuri anakuonyesha bila kununa, na kumwonyesha kila mtu kunamlinda yeye mwenyewe asichanganye.

Maswali ya kabla ya sindano huulizwa haraka haraka hivi kwamba watu hujibu "hapana" kwa yote. Tafadhali, lile la mzio lisikilize vizuri. Mzio wa mayai, wa vumbi au wa penisilini haukuzuii chanjo hizi. Kinachotafutwa ni mtu aliyewahi kupata mshtuko mkali wa mzio baada ya dozi iliyotangulia, au baada ya kiambato kimojawapo cha chanjo: kwa Pfizer na Moderna ni polietilini glaikoli, ambayo imo pia kwenye baadhi ya dawa za kusafisha utumbo, kwa AstraZeneca na Janssen ilikuwa polisobeti 80. Mtu wa namna hiyo haambiwi "usichanjwe" kwa jumla, anatafutiwa aina nyingine na mahali penye daktari. Mafua madogo bila homa si sababu ya kurudi nyumbani. Homa kali ni sababu, kwa muda, na mwenye korona iliyothibitishwa asubiri apone na amalize kujitenga, asije akawaambukiza walio kwenye foleni. Ujauzito na kunyonyesha si kizuizi. Mjamzito yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya korona kali kuliko mwenzake asiye mjamzito.

Kula kabla ya kwenda, na unywe maji. Anayejijua kwamba huzirai akiona sindano aseme mapema achanjwe akiwa amelala. Kuna njia nyingine inayosaidia kweli: kaza misuli ya mapaja, tumbo na ule mkono usiochomwa kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, achia kwa sekunde 20 hadi 30, rudia mara 5. Shinikizo la damu linapanda kidogo, na kuzirai kunatokana na shinikizo kushuka ghafla. Mkono wa sindano tu ndio uachwe ulegee.

Sasa zile dakika 15. Watu wengi huziona kama urasimu, wengine hutoroka wakishapata kadi. Naomba usitoroke. Mshtuko wa mzio ni nadra, unahesabiwa kwa watu wachache katika dozi milioni 1, lakini sehemu kubwa ya hao huanza ndani ya muda huo. Aliyewahi kupata mzio wa ghafla kwa dawa au kitu kingine anakaa 30.

Ndani ya dakika hizo mambo matatu yanaweza kufanana kwa mbali, na tiba zake zinatofautiana kabisa. La kwanza ni kuzirai. Mtu anapauka, anatoka jasho la baridi, macho yanaingia giza, mapigo ya moyo yanakuwa ya polepole. Mlaze chali, mnyanyue miguu, kwa kawaida dakika moja au mbili rangi inarudi. Asisimamishwe haraka, maana ataanguka tena, na majeraha ya kichwa kutokana na kuanguka ni tatizo halisi zaidi kuliko watu wanavyodhani. La pili ni hofu: anapumua harakaharaka, vidole na midomo vinafanya ganzi, lakini ngozi iko sawa na sauti iko sawa. Mkalishe, apumue polepole, mtu mmoja azungumze naye kwa utulivu.

La tatu ndilo mshtuko wa mzio. Angalia ngozi kwanza: mabaka yenye kuwasha mwilini, midomo au ulimi kuvimba. Sikiliza sauti: inakwaruza, kifua kinapiga mluzi, anakohoa mfululizo. Anaweza kutapika. Mapigo ni ya haraka na dhaifu. Hapa hakuna kungoja. Mtu mzima anachomwa adrenalini miligramu 0.5 kwenye paja la nje, hata juu ya nguo ikibidi, na inaweza kurudiwa baada ya dakika 5 kama hajapata nafuu. Kosa linalogharimu maisha ni kuanza na vidonge vya mzio "tuone kwanza". Vidonge hivyo vinatuliza muwasho, havifungui koo wala kupandisha presha. Mtu alale, na kama pumzi inambana sana akae ameegemea, ila asitembezwe hadi kwenye gari. Kituo kisichokuwa na adrenalini mezani hakijawa tayari kuchanja, na una haki ya kuuliza iko wapi.

Ukifika nyumbani, fuata saa. Mkono huanza kuuma saa chache baadaye na kuchacha siku inayofuata. Uchovu, kichwa kuuma, baridi na homa huja usiku wa kwanza au siku ya pili, na kwa wengi huisha ndani ya siku 1 hadi 2. Kwa Pfizer na Moderna dozi ya pili ndiyo iliyotikisa zaidi. Kwa AstraZeneca ilikuwa ya kwanza. Kwa hiyo mwenye kazi nzito, au mwenye kuendesha gari masafa marefu, apange siku ya kesho yake iwe nyepesi. Wanaoishi pamoja na kumwangalia mtoto mchanga au mgonjwa wasichanjwe wote siku moja kama wanaweza kupishana. Asiyehisi chochote asihofu: kinga haipimwi kwa ukali wa homa.

Paracetamol usimeze kabla kwa kujikinga. Subiri dalili zije. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500, kisha asubiri saa 6 kabla ya kurudia, asivuke vidonge 8 kwa saa 24. Angalia dawa za mafua ulizo nazo nyumbani, nyingi zina paracetamol ndani, na hapo ndipo watu huzidisha bila kujua. Mkono uuwekee kitambaa chenye maji baridi, na uuzungushe mara kwa mara. Kuubana tuli kunauongezea maumivu.

Kuna dalili ambazo si za chanjo. Kikohozi, kupotewa na harufu, mafua yanayotiririka: hizo ni za kupimwa. Chanjo hizi hazina kirusi hai cha korona kinachoweza kukuambukiza, lakini foleni inaweza, na mtu anaweza kuwa ameambukizwa siku chache kabla. Kinga inahitaji takribani wiki 2 baada ya dozi kujijenga, na kwa chanjo zilizopangwa dozi mbili, baada ya ya kwanza peke yake ilikuwa bado pungufu. Barakoa hairuki dirishani siku unapochanjwa.

Halafu zipo dalili adimu za kutolala nazo. Maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au pumzi kukata ndani ya wiki moja, hasa kwa kijana wa kiume baada ya dozi ya pili ya Pfizer au Moderna, yanaweza kuwa uvimbe wa misuli ya moyo. Wengi hupona kwa mapumziko na uangalizi, lakini aonwe siku hiyohiyo na asicheze mpira. Kwa AstraZeneca na Janssen, kuanzia kama siku ya 4 hadi wiki ya 4 hivi, na mara chache zaidi ya hapo, za kuangaliwa zilikuwa maumivu makali ya kichwa yasiyosikia dawa, macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba, tumbo kuuma bila kukoma, au vidoa vidogo vyekundu vya damu chini ya ngozi mbali na palipochomwa. Mweleze daktari jina la chanjo na tarehe. Hii si habari ya ziada kwake: damu kuganda kwa namna hii kunaambatana na kupungua kwa chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na dawa inayotumika sana kwa damu iliyoganda, heparini, huepukwa.

Hapo ndipo kadi inapopata maana. Kabla hujaondoka soma kilichoandikwa: jina lako herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, jina la chanjo, namba ya bechi, tarehe, na kama imeingizwa kwenye kompyuta. Kurekebisha herufi moja siku hiyo ni dakika; kuirekebisha ukiwa na safari kesho ni mateso. Ipige picha pande zote mbili.

Dozi ya pili ya Pfizer ilipangwa siku ya 21, Moderna ya 28, na kwa AstraZeneca Shirika la Afya Duniani lilishauri wiki 8 hadi 12. Ukichelewa, hata kwa miezi, huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Uingereza ilipoamua mwishoni mwa Desemba 2020 kusogeza dozi ya pili hadi wiki 12 ili watu wengi wapate ya kwanza, wengi walidhani imeharibu mpango. Kwa AstraZeneca, pengo refu lilionekana kuleta kinga bora zaidi. Kuwahi sana ndiko kuna shida, kwa sababu mwili haujamaliza kuitikia dozi ya kwanza.

Na kwa wanawake wenye miadi ya kupigwa picha ya matiti: tezi za kwapa upande uliochanjwa zinaweza kuvimba na kubaki hivyo kwa wiki kadhaa, na kwenye picha zinafanana na tezi za kutia wasiwasi. Mwambie anayekupiga picha tarehe ya chanjo na mkono uliochomwa kabla hajaanza. Lakini kama tayari umegusa kivimbe kwenye titi, miadi hiyo usiisogeze kwa sababu ya chanjo.